Altezza RS200: nianze na nini ili gari litulie kwenye kona, shokapu, springi fupi au stebilaiza?

Mnyalukolo wa Mbezi

Habari za jioni ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu wanaolifahamu vizuri gari aina ya Toyota Altezza, na hasa waliowahi kulishughulikia upande wa chini ya gari, kwa kuwa upande wa injini sina malalamiko.

Gari langu ni RS200 ya mwaka 2001, chesisi SXE10, injini 3S-GE, gia sita za mkono. Nililinunua hapahapa Dar es Salaam likiwa limeshatumika nchini kwa miaka mingi. Injini haili oili na gia zinaingia vizuri. Tatizo ni namna linavyokaa barabarani. Mjini ninavumilia, lakini nikisafiri kwenda Iringa, kuanzia pale barabara inapoanza kujipinda baada ya Mikumi hadi kupanda Kitonga, gari linachelewa kuitikia usukani, na likishaitikia linalala upande kuliko ninavyotarajia kwa gari la aina hii. Nikipita mahali ambapo lami imesukumwa na malori na kufanya mawimbi, nyuma inadunda mara mbili au tatu kabla ya kutulia. Mbele kushoto kuna mlio wa kugonga unaosikika zaidi ninapopanda tuta polepole huku usukani umekatwa, na tairi la upande huo linaliwa kwa ndani.

Nimepata ushauri unaopingana. Gereji moja inanishauri nifunge springi fupi ili gari lishuke na kukamata barabara. Muuzaji wa spea ananionyesha seti ya koilova (shokapu na springi zilizofungwa pamoja, zinazorekebishika urefu) za mtumba kutoka Japani, na rafiki yangu anasema tatizo lote litaisha nikifunga stebilaiza nene ya nyuma, yaani ile nondo inayozuia bodi kulala kwenye kona. Fedha niliyonayo inatosha kununua seti moja nzuri, haitoshi kununua kila kitu kwa pamoja. Matairi ni 215/45 R17, yalikuja na gari, na kwa macho bado hayajaisha.

Gari hili ndilo linalobeba familia yangu, watu wanne pamoja na mizigo ya mwisho wa mwaka. Sitafuti gari la mashindano. Ninataka niweze kukata kona za Kitonga nikijua gari litafanya nini. Nianze wapi, na je, kulishusha kuna manufaa kwa barabara zetu?

Fundi Chesisi

Ndugu Mnyalukolo, salaam. Nimefanya kazi ya chini ya gari kwa muda mrefu na Altezza nimezifungua nyingi, hivyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Altezza halikutoka kiwandani likiwa legelege. Lilipoingia sokoni mwaka 1998 lilipata tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japani, na mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, alilikusudia liwe sedani ya kuendeshwa kwa raha, yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Kila gurudumu, la mbele na la nyuma, limeshikwa na mikono ya juu na ya chini, na faida ya mpangilio huo ni kwamba bodi inapolala kwenye kona, mikono hulielekeza gurudumu ili uso wa tairi uendelee kulala sawasawa juu ya lami. Hasara yake ni wingi wa viungo. Kila mkono una bushi zake (mipira ya kwenye maungio) na boljointi yake (kiungo cha chuma cha mviringo kinachoshika gurudumu), na katika gari lililozidi miaka ishirini, kila kiungo kikilegea kidogo tu, jumla ya ulegevu huo ndiyo inayokufanya ukate usukani kisha usubiri. Hakuna springi wala koilova inayoweza kuondoa ulegevu huo. Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba urudishe kwanza kile ambacho gari lilizaliwa nacho, ndipo ujue kama bado kuna kitu cha kuboresha.

Anza na mlio wa mbele kushoto, na tafadhali usiuahirishe. Boljointi ya chini ya mbele ndiyo sehemu dhaifu inayojulikana ya gari hili na ya ndugu zake wa Lexus, yaani IS200 na IS300. Springi ya mbele imekalia mkono wa chini, hivyo uzito wa gari unapita kwenye boljointi hiyo kila wakati, tena kwa namna ya kuivuta. Ikichoka kabisa huachia, gurudumu likalala na gari likakaa chini, na hilo si jambo la kukutokea ukiwa Kitonga nyuma ya lori.

Namna ya kuipima ni muhimu, kwa sababu wengi huweka jeki chini ya chesisi, wakatikisa gurudumu na kusema ni zima. Jeki ikiwa kwenye chesisi, mkono unaning'inia na springi inaendelea kuikaza boljointi, hivyo ulegevu haujitokezi. Weka jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu na gurudumu, inua hadi tairi liachane na ardhi kidogo, kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi na uinue taratibu huku mtu mwingine akiangalia kiungo kwa tochi. Ukiona gurudumu linapanda kabla ya mkono kusogea, boljointi imekwisha. Angalia pia kofia yake ya mpira, kwa kuwa ikishapasuka maji na vumbi huingia, na grisi iliyochanganyika na vumbi hulisaga chuma haraka. Ukiwa hapohapo, kagua bushi za mkono wa chini, tairodi (fimbo za usukani) na linki za stebilaiza.

Sasa nije kwenye kudunda kwa nyuma. Springi hubeba uzito, na kazi ya shokapu ni kutuliza springi inapotaka kuendelea kucheza. Gari likipita kwenye wimbi la lami linapaswa kushuka, kupanda, na kutulia. Likidunda mara mbili au tatu, shokapu hazifanyi kazi tena hata kama hazivuji oili. Pitisha kiganja juu ya uso wa matairi ya nyuma, na ukihisi mabonde mabonde kuuzunguka mduara wake, hiyo ni dalili nyingine ya tairi lililokuwa linarukaruka. Fedha yako kubwa ningependa iende hapa, kwenye shokapu nne mpya za kampuni inayoaminika, kwa mfano KYB, pamoja na mipira yake ya juu, na vile vizuizi vya mpira vinavyokaa kwenye fimbo ya shokapu. Vizuizi hivyo katika magari ya umri huu mara nyingi vimeshageuka unga, na mafundi huvitupa bila kuvirudishia. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na anayekuruhusu kufungua boksi, kwa kuwa spea bandia zenye majina makubwa zipo.

Kuhusu springi fupi: mtu anayekuambia kwamba gari likishuka litakamata barabara amekuambia nusu ya jambo. Ni kweli kwamba uzito ukiwa chini gari hupunguza kulala kwenye kona. Lakini shokapu ya kawaida imepangiwa nafasi maalumu ya kupanda na kushuka, na ukilishusha gari kwa milimita 40 umeondoa milimita 40 hizo kutoka kwenye nafasi ya kupanda, yaani ile unayoihitaji unapokutana na tuta au shimo ukiwa na abiria wanne na mizigo. Nafasi ikiisha, shokapu inakalia kile kizuizi cha mpira. Hilo likitokea katikati ya kona, upande huo wa gari unakuwa mgumu ghafla na tairi linapoteza mshiko bila kukupa taarifa, na likitokea nyuma maana yake ni mkia kutoka nje. Isitoshe, mikono ya juu na ya chini ilipimwa ifanye kazi katika pembe fulani. Ukilishusha gari sana, magurudumu yanalala kwa ndani na unaanza kula matairi mapya.

Koilova za mtumba sizipendekezi. Hujui zimetembea kiasi gani, sili zake haziwezi kupimwa kwa macho, na nyingi zilizotolewa kwenye Altezza za Japani zilikuwa na springi za kilo 8 au 10 kwa kila milimita, ambazo ni ugumu wa mtu anayekwenda kwenye uwanja wa mbio mwishoni mwa wiki. Kwenye lami iliyovunjika, springi ngumu kiasi hicho huliinua tairi kutoka barabarani, na tairi lililo hewani halikamati kitu.

Stebilaiza nene ni kifaa kizuri, ila kina mahali pake. Ugumu wa nondo hiyo unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ukitoka milimita 22 kwenda 24, mabadiliko yanayoonekana madogo kwa macho, ugumu umeongezeka kwa takribani asilimia 40. Ukiifunga nyuma peke yake, mbele ukaiacha ilivyo, gari litaingia kwenye kona kwa wepesi zaidi, lakini tairi la nyuma lililo upande wa nje litabeba mzigo mkubwa zaidi na mkia utaachia mapema, hasa kwenye mvua. Rafiki yako huenda anaendesha gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambako ushauri huo una mantiki. Kwako, kama baada ya shokapu mpya bado utaona bodi inalala kupita kiasi, fikiria mbele na nyuma kwa pamoja, au mbele kwanza.

Binti wa Nakuru

Kaka Mnyalukolo, sina Altezza, ninaendesha Subaru Impreza WRX, lakini barabara zetu zinafanana na ninakubaliana na Fundi kwa kila neno. Ningependa kuongeza suala la matairi, ambalo naona halijaguswa, ingawa ndicho kitu pekee kinacholiunganisha gari na barabara.

Umesema matairi yalikuja na gari na kwa macho hayajaisha. Macho hayatoshi. Ubavuni mwa tairi tafuta maandishi ya DOT, na mwishoni mwake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 2319 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kuwa mgumu kwa jua na umri hata kama haujatembea, na tairi kavu huteleza kwenye lami yenye maji bila kujali umefunga shokapu gani. Kama matairi yako yamezeeka, tenga fedha ya matairi kabla ya fedha ya springi.

Fikiria pia urefu wa ubavu wa tairi. Ubavu wa 215/45 R17 una takribani milimita 97. Ukirudi kwenye 205/55 R16, ukubwa ambao baadhi ya Altezza zilitoka nao, ubavu unakuwa karibu milimita 113, huku kipenyo kizima cha gurudumu kikiongezeka kwa milimita 6 au 7 tu, kiasi kwamba kipimamwendo hakitaona tofauti ya maana. Unapoteza ukali kidogo wa usukani, na unapata tairi linaloweza kupokea shimo bila rimu kupinda. Mashimo ya rimu ni matano kwa kipimo cha 5x114.3, ila kabla ya kulipia, ijaribishe rimu moja mbele na uizungushe kwa mkono ili uhakikishe haigusi kaliperi ya breki.

Na kuhusu kushusha gari, tazama magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990, mbio zilipokuwa zikikimbiwa kwenye barabara za kawaida zenye ng'ombe na mito. Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, alishinda mwaka 1994 kwa Toyota Celica yenye injini ya ukoo uleule wa 3S kama yako, na Colin McRae akashinda mwaka 1997 kwa Impreza. Magari yale yaliinuliwa kuliko yalivyokuwa Ulaya, yakapewa shokapu zenye nafasi ndefu ya kucheza. Wahandisi wale walikuwa na fedha ya kufanya chochote, na kwa barabara zetu walichagua nafasi ya shokapu. Mimi huona hilo ni somo kubwa kuliko picha zote za magari yaliyolala chini.

Kijana wa Area D

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, kwa heshima. Ninaishi Dodoma na Altezza langu, AS200, nimelishusha kwa milimita 25 kwa springi za Tein zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, nikafunga na shokapu mpya za KYB. Nimelitumia hivyo katika misimu yote miwili, wa kiangazi na wa mvua. Halijakalia vizuizi, matairi yanaliwa sawasawa, na kwenye kona ni gari tofauti kabisa. Ninaamini kosa si kushusha, kosa ni kushusha kwa springi za kukatwa kwa msumeno au zisizojulikana zilikotoka, zikafungwa juu ya shokapu zilizochoka. Ninahofia watu wakisoma mjadala huu wataamini kila springi fupi ni mbaya.

Fundi Chesisi

Ndugu wa Area D, maelezo yako ni sahihi na ninayakubali. Milimita 25 zenye springi iliyopimwa na kiwanda, ambayo ni fupi lakini pia ngumu kiasi ili kufidia nafasi iliyopotea, juu ya shokapu mpya, ni kazi iliyofanywa kwa utaratibu. Uliyoyasema kuhusu springi za kukatwa ningependa kila mtu ayasome mara mbili: springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye sahani yake, na gari likiruka tuta inaweza kuhama mahali pake. Tofauti kati yako na ndugu Mnyalukolo ni matumizi. Yeye anabeba watu wanne na mizigo kwenye barabara ndefu yenye matuta kila kijiji. Kwa mzigo huo, mimi ningebaki na urefu wa kiwandani.

Mnyalukolo wa Mbezi

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya vipimo mlivyonielekeza, nikisaidiwa na jirani yangu ambaye ni fundi.

Boljointi ya chini kushoto imekwisha. Mtaimbo ulipoinua tairi, gurudumu lilipanda kwanza, kisha ndipo mkono ukafuata, na tulipofuta uchafu tuliona kofia ya mpira imechanika upande wa ndani, grisi imekuwa nyeusi yenye chembechembe za mchanga. Ya kulia haina ulegevu wa kuonekana, lakini kofia yake ina nyufa. Linki za stebilaiza za mbele zote mbili zinacheza. Matairi ya mbele yana tarakimu 1116, ya nyuma 4017, hivyo, Dada wa Nakuru, yamekwisha muda wake na nitafuata ushauri wako wa kurudi kwenye inchi 16.

Tumepima pia urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, gari likiwa kwenye sakafu sawa ya saruji. Mbele, pande mbili zinalingana. Nyuma kushoto iko chini kuliko nyuma kulia kwa milimita 12. Nina maswali matatu. Je, nibadili boljointi ya kushoto peke yake? Je, tofauti hiyo ya nyuma inamaanisha springi imechoka? Na je, nipeleke gari alaimenti (kupangwa pembe za magurudumu) mara baada ya boljointi, au nisubiri shokapu?

Fundi Chesisi

Badili boljointi zote mbili. Zimetembea umbali mmoja, na yenye kofia iliyochanika itafuata. Uwe makini dukani, kwa kuwa ya kushoto na ya kulia hazifanani na wauzaji huzichanganya. Linki za stebilaiza badili hizohizo mbili za mbele. Ni kazi ndogo, na zinapocheza nondo haifanyi kazi hadi bodi iwe imeshalala, jambo ambalo linaelezea sehemu ya malalamiko yako.

Milimita 12 nyuma ni nyingi, lakini usinunue springi kabla hujaitoa hiyo ya kushoto na kuiosha. Mara nyingi utakuta kipande cha mwisho cha chini kimevunjika pale maji yanapotuama, au sahani ya mpira inayokaa juu ya springi imelika. Kama ni mpira, gharama yake ni ndogo. Kama ni springi, badili mbili kwa pamoja, zote za nyuma, na uhakikishe ni za RS200, si za AS200 yenye injini ya silinda sita, kwa kuwa uzito wake na mpangilio wake ni tofauti.

Jambo ambalo naomba umsimamie fundi wako ni ukazaji wa bolti za bushi. Bushi ya mpira imeshikana na chuma cha ndani na cha nje, na hufanya kazi kwa kujinyonga. Fundi akikaza bolti ya mkono wakati gurudumu linaning'inia, mpira unaganda katika hali hiyo, na gari likishushwa chini bushi inabaki imejinyonga muda wote hata likiwa limeegeshwa. Huchanika mapema sana na watu hudhani ilikuwa bandia. Bolti ziingizwe kwa mkono na kukazwa kidogo, gari lishushwe kwenye magurudumu yake, au mkono uinuliwe kwa jeki hadi kwenye urefu ule uliopima kutoka katikati ya gurudumu hadi fenda, ndipo zikazwe kabisa. Vipimo vyako vya leo viandike mahali salama, utavihitaji siku hiyo. Nati za magurudumu zikazwe kwa toki renchi, nyutonimita 103, kwa mpangilio wa nyota, usikubali mashine ya upepo peke yake.

Suala la alaimenti namwachia Mzee, nimeona yupo mtandaoni.

Mzee wa Alaimenti

Asanteni kwa kunikumbuka. Ndugu Mnyalukolo, alaimenti fanya mara mbili kama unaweza. Ya kwanza ni mara tu baada ya boljointi, kwa sababu tairi linaliwa na sehemu ya mbele imefunguliwa, na hapo inatosha kurekebisha tou ya mbele, yaani magurudumu yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu, ili usiharibu matairi mapya. Ya pili, iliyo kamili, ni baada ya shokapu na springi kufungwa na gari kutembea wiki moja au mbili, kwa kuwa springi mpya na mipira yake hujipanga na urefu hubadilika kidogo.

Ukija kwenye mashine, njoo na tangi la mafuta likiwa nusu, bila mizigo isiyo ya kawaida kwenye buti, na upepo wa matairi uwe umepimwa asubuhi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Fundi wa alaimenti asiyepima upepo kwanza anapima kitu kingine.

Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwa matumizi uliyoyaeleza, mlalo wa gurudumu la mbele, tunaouita kemba, ningeupa hasi nyuzi moja, usizidi moja na nusu, na pande mbili zisitofautiane kwa zaidi ya nusu nyuzi. Tou ya mbele iwe sifuri au iingie ndani milimita moja kwa jumla. Tou ya nyuma iingie ndani kidogo, milimita mbili hadi tatu kwa jumla, kwa sababu gari linalosukumwa kwa nyuma likiwa na tou inayotoka nje huyumba ukiachia mafuta katikati ya kona. Watu wengi hulipia alaimenti ya mbele peke yake, na Altezza nyingi zinazoletwa kwangu zikisemwa zinavuta upande mmoja, tatizo huwa kwenye bolti za kurekebishia za nyuma zilizoganda kwa kutu. Zipake mafuta ya kulegeza kutu kuanzia sasa, jioni mbili tatu kabla ya kuja, na kabla ya kuzigusa zichore alama ya rangi ili ujue zilipokuwa.

Usukani unyooshwe kwa kurekebisha tairodi za pande zote mbili kwa kiasi sawa. Akikuambia auvue usukani na kuurudishia ukiwa umenyooka, mkatalie, kwa kuwa mashine ya usukani itakuwa haipo katikati na gari litakata zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Mnyalukolo wa Mbezi

Mzee, Fundi, Dada na ndugu wa Area D, nimewaelewa vizuri. Boljointi na linki nimeshaagiza, na gari halitoki Mbezi hadi zifungwe. Matairi yanafuata, kisha shokapu nne na mipira yake mwezi ujao. Swali langu la mwisho: shokapu zikiwa mpya na springi za kiwandani zikabaki, ni kitu gani nikiangalie njiani ili nijue kama stebilaiza inahitajika au haihitajiki?

Fundi Chesisi

Lipeleke kwenye njia unayoifahamu, mchana, lami ikiwa kavu, ukiwa peke yako na katika mwendo ulioruhusiwa. Kata kona ndefu kwa usukani uliotulia. Kama bodi inalala mara moja, ikabaki hapo, na gari likafuata mstari uliouchagua, kulala huko ni kwa kawaida na stebilaiza haihitajiki. Kama inakubidi uongeze usukani katikati ya kona kwa sababu pua inatoka nje, rudi kwanza kwenye karatasi ya alaimenti na upepo wa matairi. Na kama kwenye kona zinazopishana, kushoto kisha kulia, bodi inachelewa kuhama upande hadi kona ya pili inakukuta bado imelalia ya kwanza, hapo ndipo stebilaiza za mbele na nyuma zitakusaidia. Ukifika hapo, niandikie kipenyo cha zilizopo, zipimwe kwa kalipa kwenye sehemu iliyonyooka isiyo na kutu.